Bongo Nne, Kache Moja

Mutinda wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na umesema utarudi kabla ya chakula. Nimekaa hapa mezani, upande wa dirisha, na jua bado linapiga ukuta wa ploti ya jirani. Sanduku lako liko karibu na mlango. Nimelisogeza mara kadhaa kana kwamba linanizibia njia, na halinizibii.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala za kuweka nakala ya pasipoti, wala za marafiki wabaya. Auntie Mwikali alikuja jana akakupa hayo yote, akayarudia, na wewe ukaitikia "sawa auntie, sawa auntie" mpaka nikakuonea huruma. Mimi nataka kukuandikia ile habari ya kisima cha kina Mama Nasieku. Unaijua nusu tu, ile nusu ya hapa mezani. Ile nyingine sikuwahi kukuambia vizuri, na naona ndiyo imekufikisha kwa hili sanduku. Wewe hujawahi kusema hivyo. Ni mimi nasema.

Unakumbuka nilivyofurahi kupata ile kazi ya mitambo ya visima. Ofisi ilikuwa hapa hapa Kitengela, juu ya duka la mabati, na baada ya miaka ya kuamka gizani kwenda Nairobi nikaona Mungu amenikumbuka. Tulikuwa tunatengeneza kompyuta ndogo ya kufungwa kwenye pampu ya kisima kirefu. Waya unashushwa mpaka chini, unapima maji yamebaki kiasi gani. Maji yakipungua sana, kompyuta inatoa amri pampu izime, kwa sababu pampu ikivuta hewa inaungua. Basi. Kitu kidogo, lakini ukienda ndani ya Kajiado wakati wa kiangazi, pampu ikiungua hakuna kitu kingine.

Niliingia nikipewa kazi ya mtu aliyekuwa ameondoka. Kazi yenyewe ilikuwa kuielezea kernel vitu vilivyomo ndani ya chipu. Wewe unaelewa, lakini wacha niandike tu, maana siku moja huenda barua hii ikasomwa na mtoto wako. Kernel ni ile programu ya ndani kabisa inayosimamia mashine nzima. Watu hudhani inajua kila kitu. Haijui. Kuna vitu ndani ya chipu ambavyo havijitambulishi. Lazima mtu akae chini aandike kwa faili: kuna hiki, kiko hapa, ukubwa wake ni huu, kinatumiwa na hawa. Kernel inasoma na kuamini. Ukikosea, inaamini kosa. Usipoandika, hicho kitu kwake hakipo.

Chipu yetu ilikuwa ya bei nafuu kutoka ng'ambo, na ilikuwa na bongo nne za kufanya hesabu. Katikati yake kulikuwa na kache, ile stoo ndogo ya haraka ambapo bongo huweka maneno yanayotumika mara kwa mara, ili zisiende kila saa mpaka kwa kumbukumbu kubwa iliyo mbali. Faili niliyoikuta ilitaja bongo, ikataja kumbukumbu, ikataja hata taa ndogo ya kuonyesha umeme umewaka. Kache haikutajwa. Mimi niliisoma faili hiyo siku yangu ya kwanza, nikaona mashine inawaka, nikaiacha hivyo.

Pampu ya kina Mama Nasieku ikaungua katikati ya kiangazi. Nikatumwa pamoja na Lemayian, yule fundi wetu aliyekuwa akifunga mitambo, yule uliyekuwa unamwita uncle kwa sababu ya asali aliyokuletea. Tulipita Kajiado mjini, tukaacha lami, tukaenda mpaka nikachoka kuuliza tumebakisha wapi. Mama Nasieku ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Mama mrefu, mkavu, wa umri wa shosho yako wa Machakos, na sauti ya chini sana.

"Takwenya," Lemayian akamsalimu, akiinamisha kichwa.

"Iko," akajibu. Halafu akanigeukia na Kiswahili. "Wewe ndiye daktari wa mashine?"

Nikacheka, nikasema kama hivyo. Nilipima waya, nikaangalia mtambo, kila kitu kilikuwa sawa. Rekodi yenyewe ilionyesha kompyuta iliona maji yameisha na ikaamua pampu izime. Lakini pampu haikuzima. Nikampigia mkurugenzi simu nikiwa pale pale.

"Hawa watu wamechezea mashine, Mama Mutinda," akaniambia. "Andika hivyo. Kuna mlinzi hapo, si kuna mlinzi?"

Kulikuwa na mlinzi, mzee mmoja anaitwa Parmuat, aliyekuwa akilala kando ya tangi na redio yake. Kamati ilikuwa imeshamuuliza kabla hatujafika. Alikuwa amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa, na wakati nilipita karibu alisema tu, "Mama, mimi sijui hata mahali ya kugusa." Niliandika kwamba sababu haijajulikana, na mkurugenzi akaibadilisha mwenyewe akaandika kuchezewa. Pampu mpya ikaletwa. Mzee Parmuat wakamfukuza.

Hilo neno lake ndilo lilinikosesha amani. Nikaanza kutafuta. Unakumbuka wewe ulikuwa umemaliza diploma, uko hapa nyumbani unangoja majibu ya maombi ya kazi, na mimi nikarudi na kompyuta moja ya kisima chini ya leso kama mtu aliyeiba kuku. Ofisini ilikuwa haikosei. Tulikuwa tunaipima kwa kuipa kazi nyingi, na kwa kazi nyingi ilikuwa sawa siku zote. Ni wewe uliuliza, ukiwa unakula viazi, "Na isipopewa kazi?"

Tukaiacha ikae bure, inapima maji ya ndoo, haifanyi kingine. Ikakosea. Bongo ziliandika amri ya kuzima, na ile sehemu ya chipu inayobeba amri kwenda kwa pampu ikachukua amri ya zamani: endelea.

Wiki hiyo yote nilitembea nikiongea peke yangu. Halafu nikaona. Neno "zima" lilikuwa limeandikwa kweli, lakini lilibaki ndani ya kache. Ile sehemu inayobeba amri haipiti kwa kache, inaenda moja kwa moja kwa kumbukumbu kubwa na kuchota kilichoko. Kernel ingejua kuna kache, ingeisukuma iachilie maneno yake kwanza. Lakini hakuna aliyeiambia. Na kazi zikiwa nyingi kache hujaa, maneno ya zamani yanatupwa nje yenyewe, kila kitu kinaonekana kizuri. Ndiyo maana ofisini hatukuona. Kule porini mashine ilikuwa imetulia, na ikitulia ndipo inakosea.

Niliwaandikia waliotengeneza chipu wanipe maelezo ya kache yao. Wakajibu kwa upole kwamba hayo ni ya wateja wakubwa. Basi nikakisia. Nilichukua maelezo ya chipu nyingine ya ukoo ule ule, yenye kache mbili, kila moja ya bongo mbili. Nikaandika hivyo kwa faili. Mashine ikawaka, makosa yakapungua, nami nikafurahi. Nikakuambia tumemaliza. Mutinda, hakuna furaha iliyowahi kunidanganya kama ile ya makosa kupungua.

Wewe hukuridhika. Uliipa bongo ya kwanza data ya kujaza sehemu kubwa ya kache, ukaipima, ilikuwa inaenda mbio. Halafu ukaamsha ya tatu ifanye vivyo hivyo. Kulingana na nilivyoandika, hizo mbili hazikuwa na sababu ya kujuana. Nilikuwa jikoni nikasikia umenyamaza.

"Mum, kuja."

"Niko na unga mkononi."

"Kuja tu. Hizi zinasukumana. Moja na tatu. Cheki, zote zimekuwa slow."

Nikaja na unga mkononi. Ukajaribu moja na nne, mbili na tatu, mbili na nne. Zote zikasukumana. Hakukuwa na kache mbili. Kulikuwa na moja, kubwa, ya bongo zote nne. Kernel ilikuwa ikisukuma maneno ya bongo mbili za mwisho kupitia vidhibiti ambavyo havipo, kwa sababu mimi niliiambia vipo. Nilifuta niliyoandika, nikaandika upya: kache moja, inatumiwa na bongo zote nne. Tuliiacha mashine imetulia usiku na mchana, na haikukosea tena hata mara moja. Wewe ukacheza hapo kati ya kochi na friji. Nimekuwa nikifikiria leo kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho nilikuona ukicheza.

Hapa ndipo nusu unayoijua inaisha.

Nilipeleka kwa mkurugenzi asubuhi yake. Alisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Kisha akasema mitambo iko kila mahali, kuanzia huku mpaka Rombo, na kila mmoja lazima mtu aufikie kwa gari auweke programu mpya, na tukianza kwenda wafadhili watauliza kwa nini. "Tungoje mkutano," akasema. Nikangoja mkutano. Mkutano ukasogezwa. Nikangoja tena. Ningeweza kumwambia Lemayian siku hiyo hiyo, tungeenda wenyewe Jumamosi. Nilikuwa na programu kwa mkoba, ndani ya memori kadi ndogo kuliko kucha. Nilizoea kazi za watu, nilizoea ruhusa. Tangu baba yako afariki nilijifunza kutoharibu uhusiano na mtu anayelipa mshahara, na nikajifunza sana kupita kiasi.

Mwisho ni Lemayian aliyekuja kwa meza yangu. "Mama, twende tu," akasema. "Hata wakitufuta kazi."

Tulienda. Tulipofika hakukuwa na foleni ya mitungi. Hakukuwa na ng'ombe. Birika la kunyweshea mifugo lilikuwa limekauka mpaka tope lake limepasuka, na kulikuwa na ndama wamelala karibu nalo ambao sikuangalia mara ya pili. Mama Nasieku alitoka kwa boma na mtoto mgongoni. Pampu mpya nayo ilikuwa imeungua, wiki ambayo mimi nilikuwa nangoja mkutano. Wanaume walikuwa wameondoka na mifugo iliyoweza kutembea kuelekea mpakani. Waliobaki walikuwa wazee, akina mama na watoto, na mbuzi wachache.

Nilimweleza. Lemayian akatafsiri pale Kiswahili changu kilipokuwa kigumu. Nilimwambia shida haikuwa ya mtu. Nilimwambia mashine haikuwa imeambiwa kitu fulani kilichomo ndani yake yenyewe, na sasa nimekiandika, na nimekuja kukiweka.

"Sasa itajua?" akauliza.

"Itajua, mama."

"Ikijua itafanya nini?"

"Itazima pampu kabla haijaungua."

Akaangalia kisima, akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo niliumia.

"Pampu gani?" akasema.

Niliweka ile programu hata hivyo. Sijui kwa nini. Nilipanda kwa nguzo ya mtambo, nikafungua kisanduku, nikaingiza kadi, nikangoja taa iwake, nikashuka. Lemayian alikuwa ameshika ngazi. Kisha nikauliza mzee Parmuat yuko wapi, kwa sababu nilitaka nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba hakufanya kitu. Mama Nasieku akasema alivuka kwenda Tanzania kwa watu wa mama yake, na kwamba tangu afukuzwe hakuna aliyemsikia. Vijana wa kamati ndio walimpiga kabla aende. Hilo la kupigwa sikuwa nimelijua.

"Nitawaambia hakufanya," akasema Mama Nasieku. "Lakini walioamini wameenda na ng'ombe, na yeye ameenda. Nitaambia nani?"

Akatupatia chai ya rangi. Mama ambaye hana maji alitupikia chai, Mutinda, na nikainywa, kwa sababu kuikataa kungekuwa vibaya zaidi. "Ashe oleng," Lemayian akamshukuru tulipoondoka, nami pia nikasema.

Nilirudi nyumbani ukaniuliza, "Imework?" Nikakuambia ndiyo. Na ilikuwa kweli. Imework.

Kampuni ilifunga kabla ya mwaka kuisha. Mitambo mingi haikufikiwa kamwe. Zile kompyuta zilizobaki stoo ziliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, nikaziona mwenyewe zikipakiwa kwa mkokoteni, zimefungwa kamba kama kuni. Na ni wakati huo huo ndipo wale watunzaji wa kernel, watu wa nchi za mbali ambao sijawahi kuwaona, walinijibu. Nilikuwa nimewatumia maelezo yetu ya kache ili yaingizwe kwenye kernel ya kila mtu. Wakanirudishia: badilisha jina hili, panga mistari hivi, na je, una uhakika kache inatumiwa na bongo zote nne, umejuaje? Nilipowaeleza kipimo chako walisema ni kizuri. Wakaomba jina lako. Wakayapokea maelezo yetu.

Ulifurahi hivyo. Ukaenda ukamwonyesha mchungaji, naye akatangaza kanisani kwamba jina la kijana wetu limeingia kwa kompyuta za dunia nzima, na watu wakapiga makofi bila kujua ni nini, na mimi nikasimama nikapunga mkono. Sikukuambia kwamba chipu hiyo haitengenezwi tena. Sikukuambia kwamba pengine hakuna hata mashine moja inayowaka leo ambayo inasoma ile mistari yetu. Uligundua mwenyewe, najua, kwa sababu siku moja uliacha kuitaja.

Halafu zikaja zile intavyuu. Uliwaonyesha jina lako. Yule wa Embulbul alikuuliza kama unaweza pia kuuza simu dukani. Yule wa Rongai, kule Tuala, alikuweka miezi bila malipo akikuita mwanafunzi. Kila ukirudi nilikuambia endelea, kazi iliyofanywa vizuri haipotei. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu ikipotea, na bado nilikuambia. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kukuambia, na kwa sababu ulikuwa unaniangalia.

Sasa unaenda Ghuba kubeba mizigo kwenye ghala. Sitakuambia ni mwanzo wa jambo kubwa. Tumesikia za wenzako. Mtoto wa Mama Kevin alirudi hawezi kusimama muda mrefu kwa sababu ya mgongo, na yule msichana wa ploti ya chini hatujui yuko wapi. Nimeomba, na nikiomba naona ukuta. Auntie anasema nina imani ndogo. Labda.

Ninachojua ni kidogo. Usingoje mkutano. Ukiona pale ghalani jambo linaloumiza mtu, sema siku hiyo, hata kama sauti yako haitabadilisha kitu, maana mimi nimejaribu kusema kwa kuchelewa na haikusaidia hata kidogo. Na wakikulaumu kwa kitu ambacho hukufanya, ondoka kabla ya wale vijana kufika. Usikae kueleza. Huenda atakayekuja kukusafisha jina akachelewa, au asije.

Na zile siku za hapa mezani, usiache uchungu uzifute zote. Mimi nimejaribu kuzichukia nikashindwa. Hazikuokoa hata ndama mmoja, na bado nikikumbuka umenyamaza vile, na kunisubiri nije nione, nasikia kitu kinasimama ndani yangu. Sijui ni nini. Si matumaini. Nisingekudanganya tena.

Ukipiga simu kutoka huko nikuulize uko aje, usiniambie poa. Nyinyi vijana mnasema poa hata mkiwa mnatoka damu. Niambie umelala wapi, umekula nini, nani amekutukana. Sitaweza kukusaidia, nipo Kitengela na kodi ya nyumba, lakini hiyo poa itanimaliza haraka kuliko ukweli.

Nasikia geti. Ni wewe, unaongea na mlinzi, unamchekesha. Wacha nimalize.

Kesho pale airport utataka kujikaza kwa ajili yangu. Utanipiga bega, utasema, "Mum, miaka miwili ni kitu gani." Usiseme hivyo. Usijikaze. Mimi nimeamua sitajikaza. Nikianza kulia, lia na wewe, hapo hapo mbele ya watu na masanduku yao, mpaka waite jina la ndege yako. Ndiyo kazi pekee tuliyonayo ya kufanya pamoja.

Mama yako.